Wimbo Ulazao na Wimbo Uamshao

Yako makosa mawili juu ya wimbo, na yote mawili hudhuru. La kwanza ni kuamini kila neno liimbwalo kwa sauti tamu. La pili ni kuyakana maneno yote kwa sababu mojawapo halikutimia. Mjinga huanguka katika kosa la kwanza. Aliyevunjika moyo hukimbilia la pili, akadhani amepata hekima.

Kosa la pili nilikutana nalo Garsen. Asubuhi moja, bendera ilipokuwa ikipandishwa, mwanafunzi mmoja alifumba kinywa wenzake walipoimba Wimbo wa Taifa. Nilipomwuliza sababu alijibu, "Mwalimu, wimbo huu wasema amani. Mimi nilizaliwa mwaka ule wa Riketa." Mwezi wa Agosti 2012, katika ugomvi wa Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji wanywao maji ya mto mmoja, watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji hicho.

Sikumkemea, kwani uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini hoja yake ilikuwa na tundu. Wimbo wa Taifa ni sala. Hautoi habari, huomba. Aombaye mvua hatangazi kuwa mvua imekwisha nyesha. Akiri kwamba nchi ni kavu. Basi kuomba amani si kusema uongo juu ya Riketa. Ni kukumbuka Riketa.

Nimlaumuye si mtoto yule. Namlaumu mkubwa asimamaye jukwaani wimbo ukiisha, akanena kana kwamba yaliyoombwa yamekwisha patikana, na kwamba kila alalamikaye ni adui wa amani. Mtu huyo hugeuza sala kuwa habari, na habari kuwa kawa ya kufunikia uozo. Dawa yake si kunyamaza wakati wa kuimba, maana kimya chetu hakimdhuru. Dawa yake ni kuimba, kisha kuuliza: Tuliyoyaomba yako wapi? Nani ayazuia?

Asili ya mahadhi ya wimbo huo yajulikana. Mwaka 1963 kamati iliyoutunga ilichukua mahadhi ya wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto. Wako wasemao kwa dhihaka kwamba ndiyo maana taifa limelala. Hawakufikiri vema. Katika wimbo wa kubembeleza wamo watu wawili: mmoja hulala, na mmoja hukesha. Mtoto aweza kusinzia kwa kuwa mama yu macho, akisikiliza kila mchakacho nje ya nyumba.

Kijana msomaji, kila usikiapo wimbo, pima: watoa habari, waomba, au wasifu ili ulipwe? Na uimbapo wimbo wa nchi yako, chagua nafasi yako. Aimbaye ndiye akeshaye.