Aspirini Haitoshi, na Madaktari Wanalijua Hilo

Kliniki moja imemwachisha shangazi yangu warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ana miaka 79 na shinikizo la damu, moyo wake hupiga bila mpangilio, na sasa daftari lake la kliniki limeandikwa aspirini ndogo, kidonge kimoja kila siku. Sababu aliyopewa ni kwamba umri umekwenda, akianguka atavuja damu. Uamuzi huo ni kosa, tena kosa la mazoea: wazee wengi wamefanyiwa hivyo hivyo.

Mapigo yakivurugika, vyumba vya juu vya moyo havisukumi damu sawasawa, vinatetemeka tu. Damu inatuama, hasa kwenye kifuko kilicho ubavuni mwa chumba cha kushoto, na ikituama inaganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, mtu anaamka mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Utafiti wa Framingham, Marekani, ulionyesha mwaka 1991 kuwa hali hii huongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5. Warfarini hupunguza hatari hiyo kwa takriban theluthi mbili. Aspirini hupunguza kama moja ya tano, na hata hiyo ina mashaka.

Ni kweli warfarini ina usumbufu. Inataka kipimo cha INR, yaani cha kasi ya damu kuganda, mara kwa mara, haipatani na dawa nyingi, na wa kijijini hulipa nauli kila akiitwa kupima. Dawa mpya kama apixabani hazihitaji kipimo hicho, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, ingawa bei bado inawashinda wengi. (Wenye valvu zilizobanwa kutokana na homa ya utotoni ni habari nyingine: utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kwao dawa za jamii ya warfarini zilizidi rivaroxabani, mojawapo ya hizo dawa mpya.) Haya yote ni madai ya kushusha bei na kusogeza kipimo karibu na watu. Hakuna hata moja linalotetea aspirini.

Kinachoitetea ni hofu ya damu kuvuja, na hofu hiyo ilishapimwa. Uingereza, utafiti wa BAFTA wa mwaka 2007 uliwachukua wagonjwa 973 wenye miaka 75 na zaidi, wazee wale wale tunaoambiwa hawaiwezi warfarini. Kiharusi na madhara mengine makubwa ya aina hiyo yaliwapata asilimia 1.8 kwa mwaka waliotumia warfarini, na asilimia 3.8 waliotumia aspirini. Kuvuja damu kwingi hakukutofautiana. Mwaka 2011 utafiti wa AVERROES ukalinganisha apixabani na aspirini kwa watu walioonekana hawafai kupewa warfarini. Ukasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa apixabani ilikuwa imepunguza kiharusi kwa zaidi ya nusu, na kuvuja damu kwingi kulikaribiana. Na kuanguka je? Watafiti wa Canada walikokotoa mwaka 1999 kwamba mzee angelazimika kuanguka kama mara 295 kwa mwaka ndipo hatari ya damu kuvilia kichwani ipite faida ya warfarini.

Kwa hiyo anayempa mzee aspirini ili asivuje damu hakumwepusha na damu, amemnyang'anya kinga. Mbona basi inaendelea? Kwa sababu mgonjwa akivuja damu, ndugu wanauliza nani aliandika dawa. Akipata kiharusi, wanasema ni uzee, ni mapenzi ya Mungu, na daktari haulizwi kitu. Hapo anayelindwa ni daktari. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 unasema wazi kuwa aspirini isitumike badala ya dawa za kuzuia damu kuganda kwa wagonjwa hawa. Anayeendelea kuiandika kwa hofu ya damu kuvuja aeleze anafuata kitabu gani.

Kuvuja damu kuna vyanzo vinavyotibika: shinikizo lisilodhibitiwa, vidonda vya tumbo, diklofenaki za dukani kwa ajili ya magoti, figo ambazo hakuna aliyezipima. Daktari aanze na hivyo. Akiona bado hatari ni kubwa mno, aandike daftarini ni hatari ipi, na amweleze mgonjwa na wanawe, waziwazi, kwamba kuanzia siku hiyo hana kinga ya kutosha dhidi ya kiharusi.