Kiswahili na Hewa ya Sayari za Mbali

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, na kwamba sayansi haiiwezi. Ili kulipima dai hilo, na tuchukue mada iliyo ngumu kweli: kemia ya angahewa zenye kaboni nyingi, katika sayari zinazozunguka nyota nyingine.

Msingi wake wasemeka bila taabu. Katika angahewa yenye joto kali, kaboni na oksijeni hushikamana, atomu kwa atomu, zikawa monoksidi ya kaboni. Oksijeni ikizidi, masalio yake huungana na haidrojeni kuunda mvuke wa maji. Kaboni ikizidi, maji huadimika, na methani, asetilini na sianidi ya haidrojeni hushamiri. Uwiano wa kaboni kwa oksijeni, ambao katika Jua ni takriban 0.55, ukivuka 1 hugeuza sura nzima ya angahewa.

Mwaka 2011, Nikku Madhusudhan na wenzake walichapisha hoja kwamba WASP-12b, sayari kubwa ya gesi inayoizunguka nyota yake kwa siku moja na ushei, ina uwiano wa 1 au zaidi. Mwaka 2015, Laura Kreidberg na wenzake, wakitumia darubini ya Hubble, waliripoti mvuke wa maji katika angahewa iyo hiyo. Hoja ya awali ikadhoofika.

Hapa ndipo mwanaisimu apaswapo kutega sikio. Modeli ya kompyuta haisemi kwamba sayari ina kaboni nyingi. Husema kwamba kaboni ingezidi, mwanga ungetufikia ukiwa na alama fulani. Modeli ni sentensi ya -nge-, ilhali kipimo cha darubini ni sentensi ya -me-. Mfasiri anayeidondosha -nge- na kuweka "ni" hajavunja sarufi, lakini amempotosha msomaji. Lugha inayobeba sharti, dhana na mazoea ndani ya kitenzi kimoja, kwa -ki-, -nge- na hu-, haijapungukiwa na zana za sayansi.

Kilichopungua ni matumizi. Istilahi hukomaa kwa kusemwa na kuandikwa, wala si kwa kufungiwa kamusini. Idara ya Fizikia i jirani yetu. Na tukabishe hodi, tuulize, kisha tuandike. Shime, wanafunzi wenzangu! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.