Injini ya mashine kwenye fremu ya pikipiki: tufunge bolti nne, tusichomelee

Vijana wenzangu, na nyie wa mashirika mnaotusoma humu, leo naomba tuongee kuhusu zile video zinazozunguka kwenye simu zetu. Kijana anachukua fremu ya pikipiki ya zamani, injini yake ilishakufa. Anachomelea ndani injini ndogo ya mashine, ile ya kamba, anavuta kamba mara mbili, moshi kidogo, halafu anaondoka na wenzake wanapiga kelele. Chini comments zote ni moto na makofi.

Mimi naunga mkono. Ila naunga mkono kwa sharti, na sharti lenyewe ndo naandikia hapa.

Kwanza, wanaosema huu ni mchezo wa watoto hawajui historia. Mwaka 1946 Japani ilikuwa imeshindwa vita, miji imeungua, mabasi na treni vimejaa, esanse haipatikani. Soichiro Honda alipata injini ndogo karibu 500 zilizobaki za jenereta za redio za jeshi. Alizifunga kwenye baiskeli. Tanki lake la majaribio lilikuwa kile chombo cha maji ya moto ambacho Wajapani wanakiweka kitandani wakati wa baridi. Kampuni ya Honda yenyewe ilikuja kuzaliwa 1948. Kwa hiyo kuchukua injini iliyotengenezwa kwa kazi nyingine na kuipa magurudumu siyo ujinga. Kuna kampuni kubwa ya pikipiki imeanzia hapo.

Lakini tuangalie vizuri. Honda aliweka injini kwenye baiskeli, chombo ambacho hakikuwa na injini. Aliongeza kitu. Sisi tukitoa injini kwenye mashine ya kusaga muhogo na kuichomelea kwenye pikipiki, tumehamisha tu. Mama aliyekuwa anasagiwa unga hana mashine tena, na sisi tuna pikipiki isiyo na karatasi.

Halafu kuna hesabu ya esanse. Sote tunajua foleni za mafuta nchini hapa miaka hii. Injini hizi za sisi 196 zikifanya kazi sawasawa zinakula kama lita moja na nusu kwa saa. Ukitembea kilomita 40 kwa saa, hiyo ni karibu lita 4 kwa kilomita 100. Pikipiki ya kawaida ya sisi 100 au 125 inakwenda umbali huohuo kwa lita 2 na kitu. Yaani kwenye nchi yenye shida ya mafuta, tunatengeneza chombo kinachokunywa zaidi. Kama ni biashara ya kubeba abiria, utapoteza. Hakuna ujanja hapo.

Sasa inalipa wapi? Inalipa pale injini moja inapofanya kazi mbili. Angalia chini ya injini hizi: zina matundu manne ya bolti. Zilitengenezwa ili zifungwe na kufunguliwa. Asubuhi iko kwenye mashine ya kusaga au ya kukamua mawese, kwa mkanda. Mchana unafungua bolti nne, unainua kilo 16 hivi, unaifunga kwenye fremu, unakokota mikungu ya mawese kutoka shambani hadi kwenye kinu, au mabeseni ya ndagala kutoka mwaloni. Jioni inarudi mahali pake. Kazi ya hapa ni mizigo ya karibu, kwenye njia za shamba ambako gari haliingii, na kwenye tambarare ya ziwani. Pikipiki ya aina hii haina kazi kwenye barabara kubwa ya Rumonge, wala kwenye mteremko wa kutoka Makamba.

Kwa wanaotaka kujaribu, mambo manne ambayo video hazisemi.

Moja, shafti. Injini ya pampu ya maji mara nyingi shafti yake ina nati, ya jenereta mara nyingi imechongoka kama koni. Zote mbili klachi haikai. Tafuta ya shafti iliyonyooka yenye mfereji wa kii, kama zile za mashine za kusaga. Usinunue kabla hujaiona kwa macho.

Mbili, meno. Injini hizi hazina gia, na gavana inazizuia kwenye mizunguko kama 3,600 kwa dakika. Ukiweka klachi ya meno 12 mbele na ukaacha meno 42 ya pikipiki nyuma, gurudumu la inchi 17, ambalo mzunguko wake ni mita 1.8 hivi, kwenye karatasi litakupa kilomita 111 kwa saa. Injini ya nguvu za farasi sita haiwezi kusukuma hivyo na mzigo. Itakachofanya ni kuunguza klachi. Weka shafti ya kati, meno 12 kwenda 36, utashuka hadi kama kilomita 37 kwa saa. Hapo sasa inavuta. Na usiguse gavana ili ikimbie zaidi. Injini hizi hazikutengenezwa kwa hiyo, na kikivunjika kitu ndani kiko katikati ya miguu yako.

Tatu, oili. Ndani hakuna pampu ya oili, kuna kijiko kinachorusha. Ikiinama sana, kama kupita nyuzi 20, inakauka na kufa. Ifunge sawasawa, isilale.

Nne, breki. Klachi hizi ukiachia gesi na mzunguko ukishuka zinaachia, kwa hiyo injini haikusaidii kusimama. Fremu nyingi tunazookota breki ya mbele haipo na ya nyuma imeisha. Pikipiki bila breki ni jiwe linaloteremka. Breki zote mbili kwanza, halafu ndo injini.

Na kuna la karatasi. Karte roze inataja pikipiki fulani. Wewe unapita na fremu ya hii na injini ya ile. Mwenyeji akisimamishwa atapoteza siku. Wewe mkimbizi, au uliyerudi juzi kutoka Nyarugusu na vitambulisho bado vinatafutwa, utapoteza zaidi ya siku. Ukimbeba mtu akaumia, hakuna bima. Ndiyo maana nasema mizigo tu, abiria hapana. Hata rafiki yako, hata dada yako anayewahi sokoni.

Nyie wa mashirika sasa, tunaheshimiana, mnisikilize. Kuna mafunzo ya ufundi yaliyopita kwetu, silitaji shirika. Miezi mitatu, cheti chenye muhuri, sanduku la spana kwa kila mmoja. Spana ziliuzwa, siyo kwa sababu vijana ni wezi au wavivu. Fundi mmoja na sanduku lake bila karakana, bila umeme wa kuchomelea, bila chombo cha kutengeneza, atafanya nini? Badala ya masanduku ishirini, tupeni banda moja, mashine moja ya kuchomelea, injini mbili zenye shafti inayofaa, na fundi wa mtaani alipwe kutusimamia. Msimamizi awe mzee wa hapahapa anayejua vinu vya mawese. Na mzigo wa kwanza uwe wa ushirika wa wanawake wanaokamua mafuta, ili chombo kiwe na kazi siku hiyohiyo.

Kuna watakaosema mkimbizi hatakiwi kushika mizizi, kesho anahamishwa. Hapa ziwani watu wamekuwa wakivuka kwa miaka mingi: wa 1972 walikwenda Tanzania na wengi wakarudi, wa Fizi walikuja kwa maelfu Januari 2018, na wengine baada yao. Hasa kwa sababu hiyo nasema bolti. Kilichochomelewa unakiacha. Kilichofungwa kwa bolti nne unakifungua, unakiweka kwenye mtumbwi, na ujuzi wa kukifunga tena uko mikononi mwako popote utakaposhukia.