Bibi alisema hajui historia, nasi tukamwamini

Nikiwa bado chuo, likizo moja nilikaa na babu barazani kwetu Mukendo, hapa Musoma, nikamrekodi kwa simu. Alinitajia mababu wa ukoo mmoja mmoja, walikotokea, walikohamia na waliogombana nao. Bibi alipita mara tatu: kuleta chai, kuondoa vikombe, kufukuza kuku. Nilipomuuliza kama ana la kuongeza, alicheka.

"Mimi historia sijui, mjukuu wangu. Muulize babu yako."

Sikumuuliza tena. Mwaka uliofuata tulimzika.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, akiwa na miezi tisa, alivimba viganja na miguu, akawa analia kila akiguswa. Kipimo cha damu kilionyesha selimundu. Daktari akauliza swali ambalo kila mzazi huulizwa: kwenye ukoo kuna waliougua hivi, au watoto waliofariki wakiwa wadogo? Tukatazamana. Tulipofika nyumbani tukamuuliza babu, mtu anayetaja vizazi saba bila kusita. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hayo bibi yenu ndiye aliyekuwa anayajua."

Ndipo nilipomkumbuka mwanahistoria mmoja ambaye kazi yake imejengwa hapa kwetu Mara. Anaitwa Jan Bender Shetler, Mmarekani, na amefundisha historia katika Chuo cha Goshen, jimbo la Indiana. Hicho ni chuo cha Wamenoniti, kanisa ambalo watu wa Mara hawahitaji kuelezwa, maana wamishonari wake walifika Shirati mwaka 1934.

Mwaka 1995 na 1996 Shetler alikuwa vijijini Mara akikusanya simulizi za Waikizu, Waikoma, Wanata, Waishenyi, Wangoreme na wengine, kwa ajili ya shahada ya uzamivu aliyoimaliza Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1998. Mwaka 2007 akatoa kitabu kuhusu Serengeti na namna wenyeji wanavyoikumbuka nchi yao. Simulizi nyingi za namna hii hutoka kwa wazee wa kiume. Ndivyo tulivyo: mgeni akiuliza historia, anapelekwa kwa wazee, na mama anarudi jikoni.

Lakini hakuishia hapo. Aliendelea kuwasikiliza wanawake, na mwaka 2019 kikatoka kitabu chake kingine, *Claiming Civic Virtue*, kinachohusu kumbukumbu za wanawake wa Mara. Hoja yake ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyelelewa huku. Wanaume husimulia kabila na ukoo: nani alianzisha, nani alihamia wapi. Wanawake husimulia watu na mahusiano yao: nani aliolewa wapi, nani alimpokea mgeni, nani alisaidia wakati wa njaa. Binti akiolewa anahama, hivyo anabeba habari za kwao na za ukweni. Kwa Shetler, mitandao hiyo ya wanawake, inayovuka mipaka ya makabila, ni sehemu ya sababu ya watu wengi tofauti kuweza kuishi pamoja katika mkoa huu.

Fikiria mwenyewe. Watoto wetu shuleni wanajua kwamba Mwalimu Nyerere wa Butiama alikuwa mtoto wa Mtemi Burito. Wangapi wanaweza kumtaja mama yake, Mugaya Nyang'ombe? Na Waikizu wa Bunda, ambao simulizi zao humtaja mwanamke wa mvua, Nyakinywa, kuwa mtemi wao wa kwanza, wanajua kwamba mwanamke anaweza kusimama mwanzo kabisa wa hadithi.

Shetler hakuandika kitabu cha tiba. Mimi ndiye mwandishi wa afya, na ninachokiona katika kazi yake ni hiki: zile habari ambazo hatuziiti historia ndizo anazozihitaji daktari wa mtoto wako.

Selimundu hurithiwa. Mtoto huugua akipata kinasaba chake kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wabebaji wazima kabisa, wasijue lolote, na hapo kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye ugonjwa huu kwa wingi. Zamani watoto wengi walifariki kabla ya kupimwa, kwa hiyo hakuna cheti wala faili. Kilichobaki ni kumbukumbu ya mwanamke aliyekuwa chumbani usiku ule.

Dada yangu alifunga safari kwenda Bunda kwa mdogo wake bibi. Nilimwomba asitaje neno historia. Walikaa wakichambua dagaa, akamuuliza tu: "Bibi, dada zako waliolewa wapi? Walizaa wangapi?"

Mazungumzo yalichukua mchana mzima. Dada yao mkubwa alizaa watoto sita. Watatu walifariki kabla ya kufikisha miaka mitano: macho ya njano, mifupa kuuma, damu kupungua. Ukweni walisema ana mkosi, wengine wakasema ni mchawi. Akarudishwa kwao na nguo alizovaa. Mume akaoa mwingine.

Hatuwezi kupima damu ya watoto waliozikwa miaka hiyo. Lakini kama ilikuwa selimundu, basi nusu yake ilitoka kwa yule mume aliyebaki nyumbani akipewa pole. Dada yangu aliponisimulia, ndipo nilipoelewa ni kwa nini bibi alicheka siku ile. Historia aliyoijua hakuna aliyewahi kumtaka aiseme barazani.

Mzazi mwenzangu, kama bado unaye mama, bibi, shangazi au mama mdogo, fanya haya wiki hii.

Kaa naye akiwa kazini kwake, jikoni au shambani, bila umati. Uliza kuhusu watu: uliolewa ukapokewa na nani, dada zako wako wapi, watoto walikuwa wangapi, aliyefariki alikuwa akiumwa nini. Uliza kuhusu presha, kisukari, kifafa, matiti, uzazi wa shida. Akinyamaza mahali, mwache, yapo yanayouma. Ukitaka kumrekodi, mwombe kwanza. Kisha andika katika daftari, upande wa mama na upande wa baba, ulitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Kumbukumbu haichukui nafasi ya kipimo. Inakuambia tu upime nini na umpime nani. Katika familia yetu binamu wanne wameshapima selimundu, wawili kati yao wakiwa na wachumba. Mmoja amekutwa mbebaji. Amempeleka mwenzake naye akapime, na hakuna aliyemnyooshea mwingine kidole.

Mtoto wa dada yangu anahudhuria kliniki yake na anatembea sasa. Katika daftari letu, ukurasa wa kwanza una majina ya watoto watatu wa yule bibi mkubwa. Chini yake tumeandika jina la mama yao, kamili, pamoja na kijiji alichorudishwa.