Adabu ya Mjadala wa Kisayansi: Funzo la Swali la Mpemba

Watu wengi hudhani kwamba adabu katika mjadala wa wataalamu ni upole wa maneno tu: kutotukana, kuwataja wakubwa kwa vyeo vyao, na kunyamaza wanenapo. Fikira hiyo ina upungufu mkubwa. Sayansi ni mazungumzo ya watu ambao wengi wao hawatakutana kamwe, na wanaotofautiana kwa taifa, umri na elimu. Adabu ya mazungumzo hayo ni kanuni za kazi, nazo zikivunjwa ukweli wenyewe hupotea. Kisa cha Erasto Mpemba chadhihirisha jambo hili vizuri, nacho kilianzia katika shule ya sekondari ya Tanganyika.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi zilikuwa chache. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, akichelea kukosa nafasi, akayaweka yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu sababu yake, aliambiwa kwamba bila shaka alikuwa amechanganyikiwa.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimtania kwa maneno ya namna hiyo. Hata hivyo hakuliacha swali lake. Alasiri moja alichukua bika mbili katika maabara ya biolojia, akatia maji baridi katika moja na maji ya moto katika nyingine, akaziweka katika jokofu aone mwenyewe.

Ndipo Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo. Mpemba alisimama akauliza: vyombo viwili vilivyo sawa vikitiwa maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na maji ya nyuzi 35 za Sentigredi na kingine nyuzi 100, kisha vikawekwa pamoja katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza; kwa nini? Wenzake walicheka, na baadaye wakamlaumu kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Lakini tazama jinsi swali lile lilivyoundwa. Lilitaja vyombo, ujazo na halijoto. Halikudai kwamba vitabu ni vya uongo, wala halikumpaka mgeni mafuta kwa sifa. Zaidi ya hayo, mwulizaji alikuwa amekwisha kujaribu kabla ya kuuliza. Hiyo ndiyo heshima ya kwanza ambayo mtaalamu huwapa wataalamu wenzake popote duniani: kutowapotezea wakati kwa swali lisiloweza kupimwa.

Upande wa pili wa adabu ulikuwa wa Osborne. Alimwuliza kijana kama kweli amelifanya jaribio hilo. Alipojibiwa kwamba amelifanya, aliahidi kulijaribu atakaporejea Dar es Salaam, naye akatimiza. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta habari kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, lakini akaahidi kuendelea kurudia jaribio hadi apate jibu lililo sahihi! Maneno hayo yachekesha, lakini ni onyo. Mtu akishaamua jibu kabla ya kupima, vipimo vyake ni kazi bure.

Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa katika jarida la Physics Education. Jina la Mpemba lilitangulia, nalo ndilo linalotumika ulimwenguni hata leo kulitaja tukio hilo. Msomi aliyekuwa na shahada na cheo angeweza kulichukua swali la mwanafunzi akaliita lake, na pengine hakuna ambaye angejua. Kumpa mtu haki ya wazo lake ni kanuni isiyokuwa na mbadala, kwa kuwa pasipo hiyo hakuna atakayethubutu kutoa wazo mbele ya wengine.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2012 Shirika la Kifalme la Kemia la Uingereza lilitangaza shindano la kueleza sababu ya tukio hilo, na majibu zaidi ya 22,000 yakapelekwa. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha matokeo ya majaribio yao na kusema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa upesi zaidi. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikikaa juu au chini kidogo tu ya pale panapostahili, chaweza kumdanganya mpimaji. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walionyesha tukio la namna hiyo kwa kutumia punje ndogo mno ndani ya maji yasiyoganda.

Hapa pana mtihani kwa msomaji wa Tanzania. Yumkini ataona kwamba makala ya mwaka 2016 ilimvunjia heshima mwana wa nchi. La, hasha! Waandishi wale walipinga vipimo, hawakumpinga mtu. Nao walieleza taratibu zao ili kila atakaye aweze kuwakosoa. Darasa lililomcheka Mpemba halikupima chochote. Wapinzani wa mwaka 2016 walipima. Tofauti ya dhihaka na upinzani wa kitaalamu ni hiyo. Anayetaka kuwajibu asiinue bendera, ainue kipimajoto.

Kwa hiyo walimu wa sekondari wanao wajibu mzito. Swali ambalo mwalimu hana jibu lake si uasi, na kusema "sijui, tujaribu" hakumshushii mwalimu hadhi. Yafaa kila darasa la sayansi liwe na daftari la maswali, ambamo mwanafunzi ataandika alichokiona, vyombo alivyotumia na vipimo alivyopata, na mwenzake ataandika pingamizi lake chini kwa lugha ya staha, akitaja kipimo anachokitilia shaka. Atakayekosolewa ajifunze kushukuru, na aliyekosea akiri kwa maandishi. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo atakuwa tayari kushiriki katika mjadala wa wataalamu wa mataifa yote, bila woga na bila majivuno.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mpemba aliuliza mara mbili kabla ya kupata mtu wa kumsikiliza. Haijulikani ni maswali mangapi mengine yaliyozimwa kwa kicheko katika madarasa ya nchi hii, ambayo wenyewe hawakuthubutu kuyauliza mara ya pili.