Kisantu: mama aende pamoja na mtoto



Vakansi kubwa inakaribia, na vikundi vitatu vimekwisha kuniuliza: tupeleke watoto wapi, mahali pasipo pombe wala muziki wa kupasua masikio? Jibu langu ni bustani ya mimea ya Kisantu. Lakini nina sharti moja: msiwatume watoto na walimu peke yao. Mwende nao.

Kwanza tuijue bustani yenyewe. Iko Kongo-Central, karibu na mto Inkisi, kama kilomita 120 kutoka hapa Kinshasa kwa barabara ya Matadi. Ilianzishwa mwaka 1893 na Frère Justin Gillet, mtawa Mjezuiti kutoka Ubelgiji. Alijaribu humo mboga na miti ya matunda kutoka nchi nyingi, aone ipi itakubali udongo wetu. Mangustani, lile tunda la ganda nene la zambarau na nyama nyeupe tamu, asili yake ni Asia, lakini leo ukitaja Kisantu watu wanalikumbuka. Eneo lote ni kama hektari 225, zaidi ya viwanja 300 vya mpira. Hamtaliona lote kwa siku moja, wala msijaribu.

Mwaka 1910 Gillet na mwenzake Pâque walitoa kitabu juu ya mimea ya sehemu ile. Pamoja na majina ya kisayansi, waliandika majina ya wenyeji na kazi ya mimea hiyo. Majina hayo hayakutoka Ulaya. Yalitoka kwa watu wa pale waliolima, waliopika na waliotibu watoto wao. Kwetu kazi hizo ni za nani, kama si za wamama?

Ndiyo maana nasema mwende. Katika matembezi ya kalasi yetu, mama mmoja kutoka Kivu alikuwa anabaki nyuma. Nilipomwita alisema, «Mwalimu, haya ni ya waliosoma.» Tulipofika kwenye mianzi, kiongozi akataja jina la kisayansi, watoto wakaandika. Ndipo mama yule akasema polepole kwamba kwao mwanzi hauvunwi ovyo: ukiwa mchanga sana wadudu wanaula, kwa hiyo anayetaka kujenga anangoja ukomae. Akaonyesha kwa vidole namna ya kuupasua vipande vyembamba vya kusukia kikapu. Watoto wakaacha kalamu, wakamzunguka. Binti yake akauliza, «Mama, ulijifunza wapi?» Akajibu, «Kwa nyanya yako.» Binti huyo ana miaka 12, na hakuwa amepata kusikia habari hiyo.

Sisi tuliotoka Bukavu, Goma, Kalemie au Lubumbashi, watoto wetu wanakua na Lingala na Kifaransa. Si kosa lao. Lakini sombe wanaijua ikiwa tayari katika sahani, na dawa ya kikohozi wanaijua ikiwa katika chupa. Mimi nimesoma ualimu miaka kadhaa, na bado siwezi kumfundisha mtoto wako majina ambayo mama yako alikupa wewe. Usipoyasema, hatayapata shuleni.

Sasa matayarisho. Mmoja wenu aulize mapema bei ya kuingia na ya kiongozi, tena aulize kama kuna bei ya wanafunzi. Basi lipangwe kwa siku nzima, muondoke alfajiri kabla barabara haijajaa. Chakula kitoke nyumbani, na maji ya kutosha. Mtu mzima mmoja aangalie watoto sita, na majina yaitwe kila mnapopanda na kushuka. Kila mtoto awe na daftari lenye safu tatu: jina analotoa kiongozi, jina analotoa mama, na kazi ya mmea. Wasichume wala wasionje kitu bila ruhusa, kwa kuwa mmea mzuri wa macho unaweza kuwa na sumu.

Neno la mwisho ni juu ya pesa. Tunajua namna mambo yanavyokwenda: siku ya safari, mtoto wa mama asiye na kitu «anaugua». Tusikubali. Likelemba ianze juma hili, kidogo kidogo, na hesabu ifanywe kwa watoto wote wa kikundi, si kwa wale waliolipa tu. Mama asiyeweza kutoa franka atoe mandazi au mikono yake ya kuangalia wadogo. Jina lake lisitajwe mbele ya wengine.

Vikundi vinavyotaka kwenda vilete orodha kwa komite Jumamosi ijayo, jina la mtoto na jina la mama yake kwenye mstari mmoja.