Mwacheni Bibi Afagie

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi, bibi mwenye magoti mabovu amekatazwa kila kitu. Akishika ufagio, mjukuu anampokonya. Akitaka kwenda dukani, anatumwa mtoto. Chai inamfuata kitini, maji ya kunawa yanamfuata, hata rimoti anawekewa mkononi. Wanaomfanyia hivyo wanampenda, na majirani wanawasifu kwa kumtunza mama yao. Sisi tunasema wanamlemaza.

Ni neno kali, lakini tazama kinachotokea ndani ya goti. Gegedu, lile tabaka la utelezi linalozuia mifupa kusagana, halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale goti linapobeba uzito na kuachiwa: mtu akitembea, akisimama, akikaa. Goti lililotulia kutwa nzima hukaza. Nayo misuli ya paja, ambayo kazi yake ni kulisaidia goti kubeba mwili, hunywea kwa kukosa shughuli. Mzee anaumwa zaidi, kwa hiyo anakaa zaidi, na mwili unanenepa. Watafiti wa Marekani waliowapima wazee wanene wenye ugonjwa wa kulika kwa gegedu la goti walieleza mwaka 2005 kwamba kila kilo moja mtu anayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Hatua za siku moja ni maelfu.

Mitaani watu husema “mafuta ya magoti yameisha.” Kauli hiyo imewakalisha wazee wengi kuliko ugonjwa wenyewe, maana anayeiamini huliona goti lake kama beringi ya gari, kila likizunguka linakwisha. Ndipo anapoambiwa anywe supu ya kongoro na ale bamia kwa wingi ili ute urudi. Ale tu, ni chakula kizuri. Ila ute wa bamia hauishii gotini.

Afadhali bamia kuliko vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa duka la dawa bila cheti na kumezwa mwezi baada ya mwezi. Dawa hiyo hutuliza maumivu kweli, lakini ikizoewa inaweza kuchimba vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha, na wazee wengi presha wanayo tayari.

Tiba isiyouzwa dukani ni kutikisa mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na zaidi wapate walau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka kidogo au kazi ya kiasi hicho, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujizuia kuanguka siku tatu au zaidi. Kwa siku hazifiki dakika 22, na si lazima zifanywe kwa mkupuo. Aliyekaa miaka miwili aanze na dakika tano, hadi kwa jirani na kurudi. Kisha zoezi la kiti: kiti kigumu kiegemezwe ukutani kisiteleze, mzee akae, ainuke bila kujivuta kwa mikono ikiwa anaweza, akae tena polepole. Mara tano zinatosha kwa kuanzia. Ndiyo misuli ile ile anayoihitaji chooni, na mzee asiyeweza kuinuka chooni huishia kujinyima maji ya kunywa ili asiende mara kwa mara. Hilo halizungumzwi mezani, lakini wanaomuuguza wanalijua.

Je, akiumia? Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si dalili kwamba goti linaharibika. Kipimo ni kesho yake: yakiwa yametulia, aendelee, yakizidi, apunguze, asiache. Goti lililovimba ghafla likawa la moto, au lenye kuambatana na homa, hilo ni la daktari siku hiyo hiyo. Hali kadhalika ugonjwa unaovimbisha vidole na viungo vingi vya mikono, kwani baadhi yake una dawa zake maalumu na ukicheleweshwa hukunja vidole moja kwa moja.

Nyumbani, badala ya kukataza kazi, badilisheni vifaa. Ufagio wa njiti ufungiwe mpini mrefu asiiname. Kwenye mbuzi ya nazi akae mwingine, yeye apewe mchele wa kuchagua mezani, ainuke kila mara kufuata ungo. Anayeswali kwa kiti aendelee kwenda msikitini kwa miguu ikiwa ni karibu; kiti ni cha swala, si cha njiani.

Lakini familia peke yake haitoshi. Barabara zetu nyingi hazina pa kupita kwa miguu, na pale palipojengwa pamejaa bodaboda na meza za biashara. Mzee mwenye mkongojo atapita wapi? Halmashauri zinazokusanya ushuru wa meza hizo zina wajibu wa kumwachia njia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilitambua kwamba mtu wa miaka 60 na zaidi ana mahitaji yake ya afya, na leo hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, na wengi wako hospitali kubwa. Zoezi la kiti, hata hivyo, muuguzi wa zahanati anaweza kulifundisha kwa dakika chache. Tunaiomba Wizara ya Afya ilifanye kuwa agizo: mzee anayelalamikia magoti asiondoke na vidonge tu. Afundishwe papo hapo, mbele ya mwanawe aliyemleta, ili akifika nyumbani asikatazwe.